Besi fupi za Kijapani, na kipande cha mfupa nilichokitupa

Wiki hii siandiki kuhusu programu. Au tuseme nitafika huko kwa kuzunguka, maana kosa nitakalolisimulia ni kosa la mtu aliyezoea kufuta kitu na kukirudisha kwa kubonyeza vitufe viwili.

Wanaopita hapa mara kwa mara wanajua kwamba nina ugonjwa wa kukusanya magitaa ya besi. Si besi zozote tu. Natafuta zile fupi zilizotengenezwa Japani kati ya mwaka 1960 na 1975 hivi. Ninazo nne, na zote nimezipata bila kwenda mbali na kwetu Kithimani: moja Kilimambogo, mbili Matuu, na moja hapa hapa, ng'ambo ya mfereji wa Yatta. Hiyo ya ng'ambo ya mfereji ndiyo niliyoinunua kwanza, na ndiyo niliyoiharibu.

Niliinunua kwa shilingi 8,000 kutoka kwa mzee mmoja aliyepiga besi katika bendi za baa kwenye barabara hii ya Thika kwenda Garissa, miaka ya sabini na themanini. Haikuwa na jina. Kichwani palikuwa na matundu mawili madogo ya skrubu, mahali ambapo zamani palikuwa na kibandiko cha kiwanda. Mwili ulikuwa umepakwa rangi nyekundu ya gari. Nyuzi mbili nene zilikuwa za dukani, zimechakaa. Nyuzi mbili nyembamba zilikuwa waya wa breki ya baiskeli. Na mahali pa daraja, yaani pale nyuzi zinapokalia karibu na mkono wa kupigia, palikuwa na kipande cha mfupa wa ng'ombe, kimekatwa kwa msumeno na kuchongwa ngazi nne.

Mimi niliona uchafu. Nilirudi nyumbani nikafungua tarakilishi, nikasoma usiku kucha kuhusu magitaa ya Kijapani, na kufikia asubuhi nilikuwa na mpango: niirudishe katika hali yake ya asili. Niliipiga msasa mpaka rangi nyekundu ikaisha, na chini yake nikakuta ile rangi ya jua linalotua, manjano katikati na nyeusi pembeni. Nilifurahi kama mtoto. Niliagiza daraja la chuma la zamani kutoka ng'ambo, la aina iliyofungwa kwenye besi kama hiyo ilipotoka kiwandani. Niliagiza nyuzi mpya. Waya wa breki na ule mfupa niliviweka kwenye gunia la takataka pamoja na vumbi la msasa, na Jumamosi nikachoma gunia.

Kabla sijasema kilichofuata, inabidi turudi nyuma kidogo, maana bila historia ya vyombo hivi kosa langu halieleweki.

Gitaa la besi la umeme kama tunavyolijua lilianza kuuzwa mwaka 1951, pale Leo Fender wa California alipotoa Precision Bass. Uzi wake, kwa ile sehemu inayotetemeka, ulikuwa na urefu wa sentimita 86 hivi. Baadaye viwanda vingine vilitoa besi fupi zaidi, za sentimita 76 hivi. Höfner ya Ujerumani ilitoa ile yenye umbo la fidla katikati ya miaka ya hamsini, ambayo Paul McCartney aliifanya ijulikane dunia nzima. Gibson nao walikuwa na EB-0 mwaka 1959. Fender wenyewe walifuata na Mustang Bass mwaka 1966.

Sentimita 10 zinaonekana ndogo, lakini hesabu yake ni tamu. Ukikaza uzi uleule mpaka utoe sauti ileile, mvuto unaohitajika hufuata mraba wa urefu. Gawanya 76 kwa 86, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 0.78. Maana yake uzi wa besi fupi umelegea kwa asilimia 22 hivi kuliko wa besi ndefu, na hii ni kwenye noti ileile ya chini kabisa, yenye mitetemo 41 kwa sekunde. Kidole hakichoki. Vile vipau vya chuma vya shingoni viko karibu karibu. Sauti ni ya duara zaidi na inakufa mapema. Na mtu aliyejifunza gitaa la kawaida, lenye uzi wa sentimita 65 hivi, anaweza kuhamia besi fupi bila mkono wake kupotea.

Sasa Japani. Watu wengi hudhani Wajapani walianza kwa kuiga magitaa ya Marekani miaka ya sabini. Hapana, ni wa kale kuliko hapo. Mitsuo Matsuki, mwanzilishi wa Guyatone, alikuwa akitengeneza magitaa ya Kihawaii tangu miaka ya thelathini. Teisco ilianzishwa Tokyo mwaka 1946, vita vikiwa vimeisha mwaka mmoja tu. Mjini Matsumoto, milimani huko mkoa wa Nagano, kiwanda cha FujiGen kilianza mwaka 1960 kwa magitaa ya Kihispania, kisha kikaingia kwenye ya umeme. Mji huohuo ulikuwa na Matsumoku, kiwanda cha mbao ambacho kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutengeneza makasha ya cherehani za Singer. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Kila fundi wa nguo kwenye soko la Kithimani anajua jina la Singer, lakini nani angefikiri kwamba mbao za cherehani na mbao za besi zilipita mikononi mwa mafundi walewale?

Kilichowasha moto ni bendi ya Kimarekani iitwayo The Ventures. Ilikwenda Japani mara ya kwanza mwaka 1962, na ziara yake ya mwaka 1965 iliwatia vijana wazimu wa gitaa la umeme. Shule nyingi zilipiga marufuku chombo hicho, jambo ambalo, kama kawaida, liliongeza wanunuzi. Viwanda vikaongezeka, kazi ikawa mchana na usiku. Lakini homa haikai milele. Soko la ndani lilipopoa vingi vilianguka, na Teisco yenyewe ilinunuliwa na Kawai mwaka 1967.

Waliobaki waliishi kwa kuuza nje, na hapa ndipo majina yalipovurugika. Kiwanda cha Japani hakikuuza jina, kiliuza gitaa. Muagizaji wa Marekani au Uingereza alileta jina lake mwenyewe, likapigiliwa kichwani kwa skrubu mbili. Teisco walitengeneza magitaa yaliyouzwa kama Teisco Del Rey na mengine kama Silvertone kwa maduka ya Sears, na Uingereza yakauzwa kama Audition kwa maduka ya Woolworth. Guyatone waliuza Uingereza kwa jina la Antoria, na Hank Marvin wa The Shadows alipiga Antoria kabla hajashika Fender. Mwili mmoja, majina matano. Jina kichwani linakuambia duka lililouza. Halikuambii aliyetengeneza.

Kwa hiyo kuitambua besi ya namna hii ni kama kusoma programu iliyokusanywa tayari, ambayo mwandishi wake ameondoa majina yote ya vigezo na vitendakazi. Unabaki na umbo. Unaangalia skrubu, maana msalaba wa skrubu za Kijapani unatofautiana kidogo na ule wa Marekani. Unaangalia bamba la chuma nyuma ya shingo, kama limepigwa chapa ya Japan. Unaangalia kile kinasa sauti chenye sumaku. Mafundi hukiita pikapu, na ukimwambia mtu wa Matuu unatafuta pikapu atakuuliza ya tani ngapi. Taratibu unapata jibu.

Hadithi ya upande wa Japani inafahamika vizuri. Mwaka 1977 kampuni mama ya Gibson ilimshtaki msambazaji wa Ibanez kule Philadelphia kwa kuiga umbo la kichwa cha gitaa, na shauri likaisha kwa makubaliano mwaka uliofuata. Mwaka 1985 ukaja Mkataba wa Plaza, yeni ikapanda thamani, magitaa ya Kijapani yakawa ghali, na kazi ya bei nafuu ikahamia Korea. Matsumoku ilifunga mwaka 1987. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wamekwisha kuandika haya yote, pamoja na namba na picha.

Lakini angalia hadithi hiyo inapokatikia. Inakatikia bandarini. Chombo kikishapanda meli, kwao historia imekwisha, na kinachofuata ni kuchakaa tu. Mkusanyaji kazi yake ni kufuta hayo yaliyofuata.

Na yaliyofuata huku kwetu yalikuwa makubwa. Kabla ya umeme, besi ya gitaa la Kenya ilikaa kwenye kidole gumba. Msikilize George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963: mtu mmoja na gitaa kavu, gumba linatembea kwenye nyuzi nene huku kidole cha shahada kikiimba juu, na mwenzake anagonga chupa ya soda kushika mapigo. Gumba hilo ndilo lililotolewa na kupewa mtu mzima wa kulipiga peke yake. Bendi ikagawana kazi: solo, rithimu, besi.

Katika benga, mgawanyo huo ukaleta jambo jipya. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940 na kuongoza Shirati Jazz mpaka ajali ya barabarani ilipomuua mwaka 2006, alikuwa miongoni mwa walioupeleka mpigo wa nyatiti kwenye gitaa la umeme. Besi ya benga haikai chini ikilala. Inaruka. Inasema neno fupi, inanyamaza, inamjibu mwimbaji. Sasa kumbuka ile sauti ya besi fupi, ya duara na inayokufa mapema. Besi ndefu ya kisasa yenye nyuzi za kung'aa inaburuza noti mpaka inamkanyaga mwenzake. Besi fupi inasema na kuacha nafasi. Ukipiga muziki wa kuruka, kasoro hiyo inakuwa faida.

Ukambani tuliipokea benga tukaifanya yetu. Kakai Kilonzo, aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki 1987, aliipa bendi yake jina la mlima tunaoupita tukienda Thika: Kilimambogo Brothers. Aliimba Kikamba na Kiswahili, na kwa Kiswahili akavuka mipaka ya Ukambani. Walikuwepo Peter Mwambi na Kyanganga Boys, na Onesmus Musyoki na Kalambya Boys, pamoja na Kalambya Sisters, ambao wimbo wao Katelina ulivuma miaka ya themanini. Sahani zao za santuri ndogo zilikuwa na wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili. Geuza sahani, besi inaendelea pale ilipoachia.

Nyuma ya majina hayo kulikuwa na bendi nyingi ambazo hazikuwahi kufika studio za River Road. Mzee wangu alikuwa kwenye mojawapo. Aliniambia vyombo havikuwa vyao, vilikuwa vya mwenye baa. Wanamuziki walikuja na mikono yao tu. Bendi ilipovunjika alikuwa anadai mshahara wa miezi kadhaa, na badala ya pesa akapewa besi.

Sasa turudi kwenye kosa.

Nilipomaliza kazi yangu, besi ilikuwa nzuri ajabu. Niliifunga nyuzi mpya, nikaikaza kwa kipimo cha programu ya simu, nyuzi zote nne sawasawa. Nikapiga noti za chini, safi. Nikapanda kipau cha tano, ikaanza kukosea. Kipau cha kumi na mbili ilikuwa haisikilizki: uzi mnene ulikuwa juu kuliko unavyotakiwa, na zile nyingine kila mmoja na lake. Nilipima urefu mara tatu. Nilifikiri nimelikaza daraja vibaya. Sikuwa nimekosea. Daraja lenyewe ndilo lililokosea, tangu kiwandani.

Iko hivi. Ukibonyeza uzi kwenye kipau unauvuta kidogo, na sauti inapanda kidogo kuliko hesabu inavyosema. Kurekebisha hilo, uzi hurefushwa kiasi pale kwenye daraja, na kiasi hicho hakifanani: uzi mnene na mgumu unataka zaidi, mwembamba unataka kidogo. Daraja zuri lina sehemu nne zinazosogea kila moja peke yake. Daraja la besi yangu, ili liwe rahisi, lilikuwa ufito mmoja ulionyooka. Nyuzi nne, jibu moja.

Mfupa ulikuwa na ngazi nne.

Nilikaa chini nikafikiria zile ngazi. Yule mzee hakuwa amekwama na kipande cha mfupa kwa kukosa daraja. Alikuwa amekuta hitilafu ya kiwanda, akaitafutia dawa. Zaidi ya hapo, alikuwa ameipimia waya wa breki, ambao hautaki urefu uleule unaotakiwa na uzi wa dukani. Bila kipimo cha umeme, bila programu ya simu, kwa sikio na msumeno. Na mimi mwenye digrii ya sayansi ya tarakilishi nilikiondoa kiraka cha mwenzangu bila kusoma kwa nini kiliwekwa, nikarudisha toleo la kwanza lenye hitilafu, kisha nikachoma kumbukumbu yote. Kazini ningemfokea kijana wa mafunzo kwa kosa dogo kuliko hilo.

Nilimpelekea besi. Sikujua niseme nini, kwa hiyo nilimpa tu ashike. Aliigeuza, akapitisha kiganja kwenye rangi ya jua linalotua, akasema hakuwahi kuiona, alipoipata ilikuwa tayari nyekundu. Akapiga. Alipiga kwa gumba, mistari mifupi, akinyamaza katikati kama anayesubiri gitaa la solo limjibu. Alipopanda shingoni alisimama. Akarudia mara moja. Akanitazama.

"Ule mfupa uko wapi?"

"Niliutoa, mzee."

"Najua uliutoa. Uko wapi?"

Nikamwambia ukweli. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, bila hasira yoyote, "Basi umeirudisha dukani."

Aliniambia ilimchukua karibu mwaka mzima kuupata mfupa huo. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulikuwa mfupi. Alikuwa akiukwangua alasiri kabla ya kazi, anapiga usiku, anasikiliza, kesho anaukwangua tena. Kila ngazi ilikuwa na usiku mwingi ndani yake.

Tumejaribu kutengeneza mwingine. Mfupa wa paja tuliupata kwa mwenye bucha hapa Kithimani, na mimi nilikuja na hesabu zangu na kipimo cha simu. Tulifika mahali pazuri kwa siku mbili, maana sasa tunajua tunachotafuta. Kwa nyuzi za dukani umekaa sawa. Kwa waya wa breki haujakaa, na mzee anasema masikio yake ya sasa si yale ya wakati ule. Urefu wa ngazi zile nne ulikuwa umeandikwa mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni majivu.

Tangu siku hiyo nimebadilisha utaratibu. Zile besi tatu nyingine sijazigusa hata kwa kitambaa kabla ya kuzipiga picha pande zote, pamoja na ndani. Kila kitu kisicho cha kiwandani nakipima na kukiandika kwenye faili la maandishi ya kawaida, chenye tarehe, na faili linakaa kwenye Git kama msimbo wangu mwingine. Soketi iliyotolewa kwenye redio, naandika. Lehemu iliyorudiwa, naandika. Jina lililokwanguliwa nyuma kwa msumari, naandika. Halafu namtafuta aliyeipiga, namwomba apige, na narekodi. Mmoja wa Matuu amekwisha kufariki, kwa hiyo faili la besi yake lina picha tu.

Juzi mtu wa Nairobi aliniuliza kama naiuza ile ya rangi ya jua, akataja bei mara nne ya niliyotoa, kwa sababu inaonekana mpya. Sijamjibu. Ile ya Kilimambogo, yenye rangi ya bluu ya lango na daraja lililochongwa kutoka kwenye mti wa jembe, hakuiulizia kabisa.

Kama kwenu kuna besi ya zamani, juu ya kabati au nyuma ya jukwaa la kanisa, nakuomba jambo moja. Usiisafishe. Ipige picha kwanza, kisha muulize aliyeifunga ule waya kwa nini aliufunga hivyo. Muulize wiki hii.